Fremu Nane Bila Pa Kulala

Mjukuu wangu Elia,

Amahoro, amani iwe nawe huko Dodoma. Huku Kasulu tumeamka salama. Mama yako amevuna maharage shambani Heru Juu, na goti langu linalalamika kama kawaida yake.

Ramani uliyonitumia nimeitazama siku tatu, na roho haijatulia. Unauliza kama nakubali nyumba yetu ya sokoni ibomolewe, zijengwe fremu nane za biashara.

Nilipoolewa hapo, mbele kulikuwa na duka letu moja, na ubavuni vyumba sita vya wapangaji. Niliuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Babu yako akaona majirani wanafungua maduka, akawaambia wapangaji wahame, kila chumba akakitoboa mlango wa barabarani. Nilifurahi naye, tena deki nilipiga mwenyewe.

Fremu mbili zikapata watu, nne zikabaki na kufuli. Halafu hata duka langu likapoa. Asubuhi moja nimekaa namsubiri mwalimu wa chumba cha tatu aje kuchukua sabuni yake, ndipo nikakumbuka kuwa tulimhamisha sisi wenyewe.

Siku hizi nikipita barabara ya stendi nasoma "Fremu inapangishwa" mlango baada ya mlango. Labda ninyi mliosoma mnajua nisichokijua. Lakini fundi wa kubomoa anakuja Jumatatu, na kwenye ramani yako sijaona pa kulala hata mtu mmoja. Nipigie kabla hajafika.

Ni mimi bibi yako, ninayelala mpaka leo katika chumba kile cha mwalimu, kilichokosa mpangaji.