Kazi Zinazotajwa Matangani

Jumatano, jioni. Mvua imekatika, matope yamebaki. Kesho asubuhi Baba anampeleka ng'ombe wetu sokoni Lubao kumuuza, ili nikasomee kazi ya maabara Nairobi.

Sikuichagua mimi. Ilichaguliwa matangani.

Kwetu, siku ya mazishi, jamaa husimama mmoja mmoja mbele ya watu, akataja jina lake na kazi anayofanya. Mwaka jana binamu yangu Ambani alishika maikrofoni akasema anapima damu katika hospitali kubwa Nairobi. Watu wakapiga makofi, pale pale kilioni! Shangazi, mamake, karibu apige vigelegele. Tangu siku hiyo Baba haambiliki. Chuo alichosoma Ambani ndicho nitakachosoma, basi.

Jumamosi tulikuwa Shianda kumzika mjomba wa Baba. Nilimvizia Ambani nyuma ya hema nikiwa na maswali yangu. Je, masomo ni magumu? Ukimaliza, unapata kazi haraka? Akatazama huku na huku, kisha akanivuta kando.

"Rispa, mimi sipimangi damu. Nabebanga tu na pikipiki, napelekea wenye kupima. Hicho chuo hakitambuliki, leseni nilinyimwa. Lakini usiambie mzee, tafadhali. Mama atakufa na aibu."

Nilimwonea huruma. Nikamkasirikia pia, sana. Yaani nisingemuuliza, angeniacha nitumbukie shimo lile lile alilotumbukia yeye?

Jana nilienda zahanati nikamwuliza dada wa maabara. Hakunicheka. Alifungua tovuti ya bodi inayotoa leseni, tukakitafuta chuo hicho pamoja. Hakimo. Vingine vimo, na kimoja hakiko mbali na hapa Kakamega. Akaniambia nije nishinde naye siku kadhaa, nione kazi yenyewe kabla sijaipenda kwa kusikia.

Kwa hiyo ukweli ninao. Ninachokosa ni mdomo. Nikimwambia Baba chuo hakitambuliki, swali lake la kwanza nalijua: mbona Ambani anapima damu? Hapo nimlinde binamu, au nimlinde ng'ombe?

Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema. Hawakuja kwetu. Kwetu kilio ndicho kilichoficha.

Naogopa. Shangazi hatanisamehe, na huenda Ambani asinisemeshe tena. Lakini ipo siku nami nitapewa maikrofoni ile. Nataka nitaje kazi ninayoifanya kweli, hata iwe kukaanga mandazi.

Sasa Baba yuko uani, anauliza kwa sauti kamba ya ng'ombe imeenda wapi.

Ninayo mimi. Nimeikalia tangu mchana.

Nainuka. Nitampa ukweli kwanza, kamba baadaye, kama bado ataitaka.