Kilomita Sitini za Kila Ijumaa

Ijumaa, 3 Mei

Mzee kajaza mafuta. Lita sita kasoro kidogo. Kilomita sitini na mbili. Nimeandika mbele ya daftari, kwake. Huku nyuma ni kwangu, yeye hapafunui.

Goti limegoma, wiki ya pili sasa siendi naye. Karudi ananung'unika kwamba kiti cha pembeni kikiwa kitupu gari linakosa adabu. Nikamwambia apakie gunia la viazi. Akasema viazi havijui kusema "punguza mwendo".

Gari hili alipewa na bosi wake siku ya kustaafu, baada ya kumwendesha miaka thelathini. Silinda sita, turbo. Likikohoa tu kuku wanahama mtaa. Wengine wakilishika linatembea kilomita sita kwa lita moja. Mume wangu anapata kumi na moja. "Weka yai chini ya unyayo," ndiyo dini yake. Taa nyekundu akiiona kule, mguu anautoa huku. Breki zake zinadumu kuliko ndoa za watu. Wajukuu wanamwita Rubani.

Na mimi, ambaye sikukanyaga darasa, alinifundisha tarakimu kwa daftari hili hili, kisha herufi. Macho yake ya mbali ni ya mwewe, ya karibu hamna kitu. Basi kila Ijumaa naingia garini, nasoma kihesabu kidogo cha safari, naandika, nabonyeza kirudi sifuri. Miaka kumi na tisa, kazi yangu hiyo.

Ijumaa, 10 Mei

Mia moja arobaini na moja. Nimekifuta kioo cha kihesabu kwa ncha ya mtandio, nikasoma tena. Ni hiyo hiyo.

Wiki yetu ni sokoni, kwa binti, kituo cha mafuta, nyumbani. Sitini. Ikizidi sana sitini na tano. Na lita zimeingia kumi na tatu.

Nikamuuliza kapita wapi. "Njia ile ile." Hakuniangalia.

Alikuwa mezani, anangoja. "Ngapi, bibie?"

Nikasema sitini. Nikaandika sitini.

Mdomo ulitangulia. Mkono ukafuata.

Jumanne, 14 Mei

Mshona nguo wa kona kaniita dirishani. "Bibi, mzee leo kanipungia mkono mara nne. Kanipenda, au?" Tukacheka. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Mara nne. Kwenye kona yetu. Kutoka pale, mlango wetu ni wa sita.

Sasa nawaza. Miaka yote nikiwa pembeni nilikuwa nasema tu — kushoto hapa, lile duka limepakwa rangi mpya, haya tumefika. Nilidhani napiga domo. Kumbe yeye alishika usukani, mimi nilishika njia. Ilianza lini? Ningejuaje, na sikufunga mdomo hata siku moja.

Mchana kala vizuri. Kaniuliza mara mbili goti linaendeleaje. Mara zote mbili kwa huruma ile ile.

Ijumaa, 17 Mei

Mia moja sabini na nane. Nimeandika sitini na moja. Hiyo moja nimeongeza ili uongo ufanane na kweli.

Lakini lita sikuzifikiria. Lita kumi na sita, mjazaji kamsomea mwenyewe. Na mzee kugawanya anagawanya kichwani kama anatafuna karanga. Kisha: "Wiki iliyopita kilomita nne na nusu kwa lita, nikasema ni mafuta mabaya. Leo hata nne hazifiki." Uso ukamwanguka. "Gari linaumwa, bibie."

Kalizunguka saa nzima, analipapasa boneti kama paji la mtoto mwenye homa. Nilitaka kumwambia. Gari ni zima, mume wangu. Anayeumwa ni — sikumaliza hata moyoni.

Jumapili, 19 Mei

Fundi kaja. Plagi, chujio la hewa, matairi, kanusa kila mahali. "Babu, hili lina afya kunishinda mimi." Mzee hakubali. Daftari halidanganyi, kamwambia, anayeandika ni mke wangu. Nilikuwa nimebeba trei ya chai. Nikaiweka chini, nikamimina.

Fundi, ili amridhishe tu, akasema labda injini imejaa masizi kwa kuendeshwa kipole. Lipeleke barabara kuu, babu, likanyage, lisafishe kifua.

Nikasema hapana. Wote wawili wakanitazama kama aliyesema ni birika.

Nimemweleza binti kwenye simu. Kasema: mama, chukua ufunguo, ficha. Nikamjibu baba yako alinifungulia herufi, nami leo nimfungie mlango? Akalia. Nikamwambia asilie, nikalia mimi.

Jumatatu, 20 Mei

Saa tatu asubuhi kaondoka. Nilikuwa bafuni. Nikasikia turbo inapiga mluzi mpaka mwisho wa mtaa. Hakuweka yai. Tangu tulipate sijasikia gari letu likilia hivyo.

Saa saba. Hajarudi. Simu yake inalia kabatini, anayepiga ni mimi.

Saa tisa. Nimefungua mbele ya daftari. Nimeikata sitini, nikaandika 141. Nimeikata sitini na moja, nikaandika 178. Kubwa, za hasira, mpaka karatasi imechanika. Gari lisingekwenda huko bila mkono wangu huu. Na kama kapatwa na — neno hilo sijui kuliandika, na leo sijifunzi.

Saa kumi na nusu. Karudi. Mzima. Limeingia getini polepole, yai chini ya unyayo, kama zamani. Nikatoka kwa mguu mmoja. Shati limelowa mgongo wote. Kakaa tu, mikono kwenye usukani. Kisha: "Bibie, hii nyumba ilihama?" Akacheka. Nikamwambia haikuhama, ilikuwa inakungoja.

Nimesoma kihesabu. Mia tatu na sita. Sikubonyeza.

Sasa tuko mezani. Daftari alilikuta wazi. Tarakimu kubwa namna ile hata macho yake yanaziona. Kaweka ufunguo mezani, karibu na kikombe changu kuliko chake. Ananiona naandika, anadhani naandika ya kwake.

"Leo usiniandikie sitini," kasema.

Nimeutazama ufunguo. Na yeye kautazama. Chai inapoa. Anauliza tena, taratibu, kama siku ile aliponishika mkono tukachora namba moja:

"Ngapi, bibie?"