Macho Mazima ya Shemeji kwenye Karte ya Bibi Yangu

Mama Consolée wa redio, nakuandikia kwa hasira, tena naomba unisaidie kabla sijapiga mutu.

Mimi ni Muzee Isidore wa Kabambare, nilifanya kazi ya barabara za serikali mpaka retrete, na kama barabara ni mbaya usiniulize mimi, uliza wale walionipa jembe moja kwa watu kumi. Sasa serikali imesema sisi wastaafu tuingie katika mituele ya afya, ule mufuko wa matibabu, mutu na bibi yake, tutibiwe bila kulipa, na bibi yangu Dorothée macho yamefunikwa na kitu cheupe kama maziwa, hata mimi ananitambua kwa kikohozi, basi nikapanda piki mpaka Kasongo kujiandikisha, yeye nikamuacha nyumbani sababu ile njia ingemuvunja kiuno, na pale kwenye meza iko kijana mumoja, Hervé, ametoka mbali, hacheki, anasema bibi asipokuwepo hapigwi foto, na bila foto hakuna karte ya kutibiwa.

Saa ile ile Jeanine, mudogo wa Dorothée, anayeuza ndizi sokoni pale Kasongo, akaniletea chakula. Hervé akauliza, "Huyu mama ni nani wako?" Nikajibu vile ninavyojibu tangu nimuoe dada yake: "Ni bibi yangu mudogo." Jeanine naye, na mudomo wake: "Ndiyo, bwana yangu ndiye huyu, muone mateso yangu." Kwetu hata mutoto anajua mashemeji wanataniana vile. Yule kijana akamukalisha, akamupiga foto, akaniuliza jina la bibi, nikasema Dorothée, karte ikatoka. Niliona sura ni ya Jeanine, jina ni la Dorothée. Nikaiweka mufukoni, nikafikiri karte ni karte, nani ataangalia sura za wazee.

Waliangalia, mama. Munganga wa macho alipofika Kasongo nikamupeleka Dorothée, nikimushika njia nzima, wakaangalia karte, wakamuangalia yeye, wakanivuta pembeni, wakasema, "Muzee, huyu wa kwenye foto macho yake ni mazima," wakaturudisha. Karte nikamutupia Jeanine kwa hasira, naye akaenda kung'oa jino nayo, sasa ananitumia salamu: "Bwana yangu, jino umenilipia, bado kitenge." Na huku Kabambare nikishikwa na homa wananifukuza, ati siku ya kujiandikisha nilichagua kutibiwa Kasongo. Nilichagua Kasongo sababu hospitali ni kubwa, nani angechagua ndogo?

Dorothée hajui kitu, nilimuambia munganga alikuwa na watu wengi. Ile siku ya kwanza aliipapasa karte kwa kidole akauliza, "Wameweka foto gani?" Nikamuambia, "Ile ya zamani, umetoka kama musichana." Akacheka siku nzima. Munganga anarudi mwezi ujao. Nimupige Hervé, ao nimushitaki?

Mama Consolée anajibu:

Muzee Isidore, hasira yako imepotea njia. Hervé aliuliza swali, wewe ukamujibu utani. Mutu wa meza ya serikali si shemeji yako.

Sasa sikiliza. Chukua ile karte kwa Jeanine leo, na umuambie kung'oa jino kwa jina la dada yake ni wizi, hata jino likiwa bovu namna gani. Nenda kwa chefu wa lokalite, mukubwa wa kijiji chenu, akuandikie kwamba Dorothée ndiye bibi yako. Kisha mupande piki wote wawili, yeye katikati, wewe nyuma ukishika kile kiuno ulichokuwa unakihurumia. Mukifika mezani useme "Nilikosea", ufunge mudomo. Wataifuta ile sura, wataweka ya mwenyewe.

Usiondoke pale kabla hawajageuza hospitali yako. Chagua ile ya Kabambare, homa haingoji piki. Kwa ajili ya macho, hao wa Kabambare ndio watamuandikia karatasi ya kumutuma Kasongo, na mituele italipa. Ukiruka ile karatasi, unalipa wewe. Haya yote yaishe kabla ya munganga kufika, sababu akiondoka tena, yale maziwa hayatakungoja.

Mambo ya karte yanarekebika. Kinachonichoma ni kumuchezea mutu asiyeona, ukamuacha afurahie sura isiyo yake. Hukuniuliza utamuambiaje, kumbe hukuwa na mupango wa kumuambia.

Basi nimeshakusaidia. Barua yako nimeisoma yote hewani, na majina yote, na wewe unajua vizuri nani hapo nyumbani anashinda na redio sikioni.

Mama Dorothée, habari ya jioni. Ile fimbo yako ya kutembelea iko karibu?