Shuka la Rehema Limekwisha, Harusi Hakuna

Dada Mwanaidi, harusi ya mwanangu Rehema hakuna. Nimeivunja mimi, na huyo Salumu mchumba wake nimemchoma mkono kwa sindano ya kufumia, ikazama mpaka kulabu haionekani.

Sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo, dada yangu? Miguu imepungua kuvimba? Mimi huku Doha mzima, ila shavu la kushoto bado linauma nikitafuna. Nimeandika kwa sababu wewe simu unaiweka spika, Muheza nzima inasikiliza. Barua hii anakuletea mwenzangu anayerudi likizo.

Lile shuka la harusi nililianza wakati wa baridi, ile baridi ya huku ambayo hata bosi wangu, mwenye nyumba ninayofanyia kazi, anavaa sweta. Ijumaa zangu za mapumziko nilikuwa nakaa bustanini nafuma. Salumu, naye mlinzi hukuhuku Doha, akitoka lindoni anakuja kunishikia uzi niukunje donge, saa nzima hachoki. Nikawa natamba kwa wenzangu: nyinyi wakwe mmeletewa, mimi nimechagua mwenyewe. Joto lilipoingia tukahamia ndani, chumbani kwa mwenzangu pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Mwezi wa nane hewa ya huku inalowa kama kitambaa cha kudekia, na jasho la vidole linachafua uzi mweupe. Wengine huacha mpaka kupoe. Mimi nilijipaka poda vidole kila mstari, nikaendelea. Maua mia na ishirini, dada, na huoni tofauti ya la kwanza na la mwisho.

Hewa ilipopoa nikatoka nje tena, kuyaunga. Ijumaa moja tumekaa nje ya mkahawa wa chai, mimi, Salumu na mlinzi mwenzake, Mganda mpole anaitwa Okello. Okello akageuka, chai yake ikamwagikia ua moja.

"Pole mama, nitalifua mwenyewe," akasema.

Salumu akampiga ngumi ya mdomo.

Nikwambie kweli, ile ya kwanza ilinifurahisha. Niliona mkwe ananitetea kazi yangu. Lakini Okello alishaanguka, ameshika kichwa, na Salumu anamkanyaga kwa buti za kazi. Hata hakukunja uso. Uso wake ulikuwa uleule wa kunishikia uzi. Nikaona meno mawili chini, na damu imerukia maua. Nikamvuta shati.

"Salumu, baba, basi."

Akanizaba kofi nikaona giza. "Mama, kaa. Hata Rehema anajua, nikianza siingiliwi."

Rehema anajuaje? Ndipo nikamchoma. Alilia kama mbuzi, huyo mwanamume wa buti. Mwenye mkahawa akatutimua wote kabla polisi hawajafika. Okello nilimpeleka kwa mwenzangu nikamwosha mdomo, kisha nikampigia Rehema.

"Mama, kile kidole changu kilichovunjika, nilikwambia ni yeye," akasema. "Alipokuja likizo. Ukaniambia ni mlango."

Ni kweli, dada. Salumu alinieleza kilibanwa na mlango, nikamwamini yeye, nikamkemea mwanangu, msichana aliyeongoza darasa zima la uuguzi. Nilikuwa nimeshamsifia mkwe kwa watu, nikaona haya kurudi nyuma. Hilo limeniuma kuliko kofi, na nimemwomba mwanangu radhi huku nalia.

Damu nimeitoa kwa maji baridi na chumvi. Maua manne yalikataa, nimeyafumua nikayafuma upya. Mabibi wa nyumba za jirani wanauliza nauza kiasi gani. Nawaambia la mwanangu haliuzwi.

Sasa nenda kwa akina Salumu, uwaambie posa imerudi. Nenda na shemeji, ana sauti nzito. Nisalimie huyo shemeji, na mama mdogo aliyenifundisha kushika sindano, na shangazi aliyejiandaa kuimba. Mwambie nyimbo asizisahau. Mchele wa karamu usiurudishe dukani, tutaupika hata bila bwana harusi. Likizo yangu iko palepale, nakuja na shuka mkononi, tutalitandika kitandani kwa Rehema, alale peke yake katikati, ajinyooshe. Mama yake Salumu naye akitaka aje, aniulize usoni.

Ni mimi mdogo wako Zaina, mama wa nesi. Waje wote siku ileile tuliyowaalika, Jumamosi ya pili baada ya Idi, ikishasaliwa adhuhuri.