Stata ya Gari la Masufuria

Jumanne, 20 Januari

Leo mara saba. Mama anazungusha ufunguo, stata, kile chombo cha kuanzisha injini, inatoa "tk" moja, kimya. Baada ya mara ya saba nikateremka na mchi wa kinu, nikajipenyeza chini ya gari, nikaigonga stata. Likawaka. Ndivyo alivyotufundisha Fundi Mcha wa gereji hapa Bububu. Mchi sasa unakaa chini ya kiti cha dereva. Viungo tunatwanga kwa jirani.

Gari ni la dizeli, la zamani, linavuta kwa magurudumu yote manne. Mama anapika pilau za harusi. Bila gari masufuria hayafiki, na harusi zinakimbizana kabla ya Ramadhani.

Wanaume wa harusini walinitazama nikiingia chini. Mmoja akasema, "Kumbe pilau inaanzia kwenye injini." Wakacheka. Masikio yangu yalikuwa moto mpaka tunafika nyumbani.

Jumatano, 21 Januari

Ami Seif amekuja baada ya alasiri. Ni ndugu wa marehemu baba. Gari ni lake, ametuazima tu. Sasa anataka kuliuza. Amepata mtu wa vipuri, atakuja Jumamosi saa nane mchana, alichukue akalikate.

"Shemeji, nshalisukuma vya kutosha," alisema. "Stata imesukwa nyaya upya juzi juzi na bado vile vile."

"Na Jumapili nina harusi Tunguu. Masufuria nibebe kichwani?"

Ami akanywa chai yake. Akasema likiwaka Jumamosi lenyewe, bila mchi wala kusukuma, haliuzi. Alisema kama mtu anayejua halitawaka.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Nimemaliza skuli mwezi wa kumi na moja, nasubiri matokeo, na fizikia ndiyo somo pekee nililokuwa najibu bila kuulizwa mara mbili. Kwenye karatasi, si kwa mdomo.

Nimeudhika. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mchi unasaidia.

Alhamisi, 22 Januari

Nimepata jibu. Naandika kwa utaratibu nisisahau.

Betri nzima. Mama alipozungusha ufunguo nilitazama taa za mbele: hazikufifia hata kidogo. Maana yake mota iliyo ndani ya stata haikula umeme.

Kisha nikachukua balbu ya indiketa, nikaifunga nyaya mbili, mmoja wa kushika kwenye bodi ya gari, mwingine wa kupimia. Stata ina bolti mbili kubwa. Ya kwanza inapokea waya wa betri. Ya pili inapeleka umeme ndani ya mota. Katikati kuna kisahani cha shaba kinachosukumwa na sumaku, kigongane na vipande viwili vya shaba, njia ifunguke. Ile "tk" ni kisahani kikigonga.

Bolti ya kwanza: balbu inawaka. Bolti ya pili, Mama akizungusha: "tk", na balbu giza. Mara tano giza. Mara ya sita balbu ikawaka na stata ikazunguka pamoja nayo.

Kwa hiyo mota ni nzima. Umeme haufiki kwake.

Nikaenda kwa Fundi Mcha kuazima spana. Nilisimama nyuma ya lori mpaka aliponiona mwenyewe. Nikamwambia mota haina ubovu. Akasema, "Naam. Si niliisuka kwa mkono wangu?" Nikamwambia ni shaba za sumaku. Akakuna shingo. Akasema hakuzifungua, alisuka mota tu. Akanipa spana. "Bi Fundi, namba kumi na nne nnayo hiyo hiyo. Usinipotezee."

Jioni nikavaa suruali ya michezo ya skuli ndani ya dera, nikatandika jamvi chini ya gari. Nikasahau kufungua betri. Spana ikagusa bolti na bodi kwa wakati mmoja. Cheche, mlio, spana imepata kovu jeusi. Kisha nikafungua waya hasi wa betri na kuanza upya.

Stata ni nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Nikafungua kifuniko cha sumaku. Kipande kimoja cha shaba bado kinene. Cha pili kimelika mpaka kimebaki kama ukucha. Kisahani kilikuwa kinagonga kimoja na kukikosa kingine. Mchi ulikuwa unakitikisa tu kikae vizuri kwa bahati.

Nilikaa pale kwenye jamvi nikitabasamu peke yangu.

Ijumaa, 23 Januari

Nimejichukia leo.

Nilifika Darajani mjini saa nne asubuhi, kununua shaba mpya. Duka la vipuri limejaa wanaume, wote wanasema kwa pamoja. Nikasimama pembeni. Nikajipanga maneno. Kila nikifungua mdomo mtu mwingine anaagiza. Nimesimama hivyo mpaka mwenye duka akaanza kuteremsha mlango kwenda kusali Ijumaa. Muda wa karibu saa mbili na nusu, sijatamka neno.

Nikakaa kibarazani kusubiri. Hasira ilikuwa imeishinda aibu yangu. Aliporudi nilikuwa mbele ya mlango.

"Mwambie kakako aje mwenyewe, mwanangu. Shaba ziko aina nyingi."

Nikafungua kitambaa, nikaweka zile shaba kuukuu mezani, moja nene, moja ukucha. Nikasema, "Sina kaka. Nimezitoa mwenyewe." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Watu wakageuka.

Mwenye duka akazigeuza kwenye mwanga. Akaenda nyuma, akarudi na jozi, akazilinganisha tundu kwa tundu. Hakuniuliza tena kitu.

Jumamosi, 24 Januari

Asubuhi nimefunga shaba mpya. Kisahani nimekisugua kwa msasa mpaka kikang'aa. Kupandisha stata ndiyo kazi. Niliibeba kifuani na kutafuta tundu la bolti kwa vidole. Saa saba na nusu nikarudisha waya wa betri.

Saa nane Ami akaja na mtu wake wa vipuri, na kamba ya kuvutia imeshatolewa. Fundi Mcha naye akaja, kasema anafuata spana yake.

Mama akazungusha. Kimya. Hata "tk" hakuna.

Ami akasema, "Haya, yameisha." Mtu wa vipuri akainama kufunga kamba.

Nikasema, "Ami, ngoja." Sijawahi kumwambia mtu mzima ngoja. Hata "tk" hakuna, basi sumaku yenyewe haipati umeme. Ule waya mdogo unaoileta kutoka kwenye ufunguo. Nikaingia chini na nguo yangu ya heshima, nikaukuta unaning'inia. Nilikuwa sijauchomeka.

"Mama, sasa."

Likawaka mara moja. Ami akasema zima, washa tena. Likawaka. Akaingia mwenyewe akawasha mara nne. Mtu wa vipuri akakunja kamba yake.

Fundi Mcha akaitazama spana yake yenye kovu, akanitazama, akaitia mfukoni. Ami akamwambia, "Mtoto wa ndugu yangu huyo."

Nina fahari. Naiandika kwa sababu siwezi kuisema.

Jumatatu, 26 Januari

Jana Tunguu tulikwenda na kurudi. Leo mapumziko. Nachagua mchele.

Simu ya Mama imelia asubuhi. Harusi Makunduchi, wiki ijayo, sufuria sita. Wameuliza atafikaje na vyombo vyote hivyo.

"Gari lipo," Mama akasema, kama mtu anayesema chumvi ipo, na akaendelea kuuliza habari za kuni.

Nikatoa kijiwe kimoja kwenye ungo, nikakitupa uani.