Springi ya Sita

Jumatatu, 8 Mei 1995

Mkaa umelowa tena. Nimevukuta hadi saa tatu ndipo chuma kikaiva. Springi za pikapu ya kutoka Ikonge, ile inayobeba majani chai. Dereva anataka niongeze moja. Wote wanataka niongeze moja. Chuma bapa juu ya chuma bapa, wanadhani gari limepata nguvu. Nikaongeza.

Mchana Bwana Maganlal, mwenye duka la vioo, akaleta katoni. Mwanawe aliye Uingereza amemtumia mifuko miwili ya mpira. Inakaa kati ya chesi, fremu ya gari, na springi, inajazwa kwa pampu, na hewa ndiyo inabeba. Ati vioo havitavunjika njiani. Nilicheka mbele yake. Miaka kumi na tisa nafua springi, leo nishindane na upepo.

Nilipochukua nyundo akanizuia. "Fundi, kwanza soma karatasi. Nyundo baadaye." Nimesoma. Sijapenda.

Jumanne, 9 Mei

Karatasi inasema springi za pikapu ya Maganlal zipunguzwe, la sivyo hewa haina kazi. Nimetoa tatu kila upande, nikabakisha mbili. Roho iliniuma.

Kisha nikapiga pampu. Pikapu ikainuka. Polepole, bila kelele, na magunia kumi ya saruji nyuma. Nikaingiza mkono chini nikagusa mpira. Mgumu kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Ndani hamna kitu. Hewa tu, hii hii ninayovuta puani. Imebeba nusu tani. Nilikaa chini palepale kwenye grisi. Nimestaajabu na sioni haya kuandika.

Tulizunguka soko na kioo kimoja nyuma, bila hata gazeti la kukifunga. Kikarudi kizima.

Jumatano, 10 Mei

Kwamboka, mke wangu, ameniambia wakati wa kula bila kuniangalia. Kaka yake Nyakundi, mchongaji wa mawe kule Tabaka, amemaliza beseni la pili la ubatizo, la kanisa lao kule Manga. Litapelekwa Ijumaa kwa pikapu ya Maganlal. Ameitaka hiyo kwa sababu ina hewa. Hataki springi.

Springi zangu, anamaanisha. Beseni la kwanza lilipasuka mwaka jana kwenye pikapu niliyoitengeneza mimi. Miezi minane ya kuchonga. Alisema springi zangu zinaruka kama mbuzi. Hatujasalimiana tangu hapo. Kwamboka huenda kwao peke yake.

Hili sijamwambia mtu. Pikapu ile ilikuja na springi tano kila upande. Ya sita niliiongeza mimi. Hakuna aliyeniomba. Nilidhani namfanyia shemeji wema, jiwe lisafiri salama. Lakini beseni moja si mzigo wa springi sita. Nafikiri hazikupinda hata kidogo, zilidunda tu. Baadaye nikazitoa zile za sita kimya kimya. Ziko nyuma ya tanuri, nimezifunika gunia. Sina hakika kama ndizo zilizovunja. Naomba nisipate hakika.

Alhamisi, 11 Mei

Asubuhi pikapu imelalia upande wa kushoto. Hewa imevuja. Nilifurahi. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikapaka sabuni kwenye vali, povu likachemka, nikakaza.

Nimemwambia Bwana Maganlal ukweli wa kazi. Springi ikivunjika njiani naifunga kwa vipande vya tyubu na nyumbani nafika. Mfuko ukichanika, tungoje posta ya Uingereza. Akasema basi kesho utaenda nayo, fundi, wewe na pampu yako.

Nataka beseni lifike. Nataka pia hewa iaibike. Sijipendi leo.

Ijumaa, 12 Mei

Tabaka saa mbili. Nyakundi hakunipa mkono.

Nilipoliona beseni nikasahau kununa. Jiwe la waridi lenye mistari myeupe. Ukingo mwembamba hata kivuli cha vidole vyake kilionekana upande wa pili. Sisi Wasabato huzamishwa mtoni mzima mzima, na Wakatoliki nimewatania maisha yangu yote kwa matone yao. Leo sikuthubutu. Wanaume wanne walilipakia juu ya maganda makavu ya migomba. Nyakundi akakaa nyuma amelikumbatia. Nami nikakaa nyuma, kona ya mbali.

Mvua. Maji kidogo yakaingia ndani ya beseni. Kutoka Tabaka hadi Kisii mjini nilikuwa nayaangalia. Yalitikisika tu. Hewa ilitubeba kama vile barabara haipo.

Kwenye mlima wa Manga gurudumu lilirusha jiwe lenye ncha. Mlio mmoja, pikapu ikainama kulia. Nyakundi akafumba macho. Nikaingia chini: mfuko umechanika urefu wa kidole. Hauzibiki.

"Umepata ulichotaka," akasema.

Alikuwa amesema kweli na sikuwa na furaha hata punje. Nikafungua vali ya kushoto, hewa ya huko nayo ikatoka, gari likakaa sawa juu ya springi zake mbili mbili. Nikamwambia dereva apande polepole. Mimi nikatembea kando nikiziangalia.

Zilipinda. Zilipinda na kurudi, zilipinda na kurudi. Nikachungulia beseni. Maji yalitikisika tu, sawasawa na kwenye hewa. Sikujua chuma kina upole huo. Miaka kumi na tisa nimekifua na sikuwahi kukiachia nafasi kiuonyeshe. Nilitembea kilomita mbili kwenye matope mdomo wazi.

Na ile hakika niliyoomba nisiipate, nikaipata hapo. Nyakundi naye alikuwa anaangalia. Mtu anayejua mawe anajua uzito. Akaniuliza ya mwaka jana ilikuwa na springi ngapi.

"Sita," nikasema. "Ya sita niliweka mimi, shemeji."

Akalikumbatia tena beseni lake hadi kanisani. Beseni lilishushwa zima. Nilienda nyuma ya jengo nikalia kidogo, mvua ikanisitiri.

Jumamosi, 13 Mei

Sabato. Sikugusa chuma. Mahubiri sikuyasikia.

Jumapili, 14 Mei

Kwamboka amerudi mchana kutoka Manga. Watoto wawili wamebatizwa. Anasema ndani ya beseni maji yanaonekana ya waridi. Akavua viatu, akakaa. Kisha akasema kaka yake anauliza kama nina kipande cha springi. Patasi zake zimekwisha.

Nikaenda nyuma ya tanuri nikaondoa gunia. Kwamboka akashika mvukuto. Zimetoka patasi tatu nzuri. Nitampelekea Jumanne, mwenyewe.