Mguu Aliokuwa Akiutazama Fidèle

Jumanne, 4 Novemba
Maji ya tangawizi, kusukutua koo, kama kila asubuhi. Umeme hakuna. Nikaenda kusuka Kamalondo, saluni yenye jenereta. Kichwa mikononi mwa msusi, redio ikaanza. Wimbo wangu.

Wimbo wangu! Sauti ya msichana mmoja, Naomie. Gitaa la Fidèle, hilo nalijua hata usingizini. Miaka kumi na minane tumepiga bossa nova pamoja, baa ile ile ya hoteli, na hakuniambia neno.

Kilichonichoma si hicho. Mstari wa mwisho unamwita mama yangu, Ngalula. Niliutunga wiki tuliyomzika. Niliuimba kwenye matanga yake, Fidèle akipiga na kulia. Sasa pale pa Ngalula wameweka "Boss Mwape". Wamemtoa mama yangu, wakamwingiza muuza unga wa mahindi kutoka Mokambo, mpakani.

Niliondoka nusu ya kichwa haijasukwa.

Jumatano, 5 Novemba
Nina hasira. Niandike hivyo tu.

Mji huu kila mwimbaji hutupa mabanga: anataja jina la tajiri katikati ya wimbo, tajiri anafurahi, anatoa chochote. Mimi sijawahi. Baba alikuwa mtu wa reli. Mreno wa duka la mikate alimwachia sahani za santuri, bossa nova ya Brazil, na humo nikajifunza kuimba chini chini, kama unaongea na mtoto hutaki aamke. Wapenzi wa rumba wakanicheka. "Mama, weka nguvu!" Sikuweka. Fidèle peke yake alikaa nami.

Fidèle, kwa Kifaransa ni mwaminifu. Aliyempa jina hilo alikuwa na haraka.

Jumapili, 9 Novemba
Misa. Padri amehubiri msamaha. Nilitazama dari.

Jumatatu, 10 Novemba
Fidèle amekuja. Mkate na sukari mkononi, utadhani anamwona mgonjwa. Boss Mwape anafanya sikukuu ya ndoa yake Jumamosi, mchana, bustani ya hoteli. Anautaka wimbo wake. Mkewe amekataa Naomie. Anataka mwenye wimbo.

"Yaya," akaanza, ndivyo anavyoniita, dada mkubwa. "Unisamehe. Ni boss njo alitaka jina yake. Mi ningefanya nini?"

Jina la mama hata hakulitaja.

"Haina mbaya," nikamwambia. "Nitakuya."

Alishukuru. Afadhali angeogopa.

Jumanne, 11 Novemba
Jambo ambalo mji mzima haulijui: Fidèle ana vidole vitamu lakini hana mwendo. Ukimwacha peke yake anakimbia. Na mimi sauti yangu huja nyuma ya gitaa, bossa ndivyo ilivyo, kwa hiyo akinifuata kwa sikio anapotea kabisa. Ndiyo maana tangu mwanzo naimba bila viatu. Mguu wangu unagonga, yeye anautazama, anashika. Watu hudhani ni madoido yangu.

Studio, mashine ilimhesabia. Bustanini hakuna mashine.

Leo nimenunua viatu. Vyeusi, vya kufunika.

Ijumaa, 14 Novemba
Viatu peke yake havitoshi. Mguu unagonga hata ndani yake. Nimeufunga kwa kitenge kwenye mguu wa kiti, nikaimba. Mwanzoni nilipotea mwenyewe. Nikarudia, nikarudia, mpaka jirani akauliza kama tumefiwa. Jioni mguu ulitulia.

Nataka aanguke. Nataka aibu yake iwe mchana kweupe, watu wamevaa suti.

Jumapili, 16 Novemba
Jana.

Fidèle alikuwa anakaza nyuzi. Akaviangalia viatu miguuni mwangu.

"Yaya, leo na bilato?"

Nikasema majani yamelowa. Kweli mvua ilikuwa imenyesha.

Mstari wa kwanza huwa ni wangu peke yangu. Nikauimba. Nikanyamaza kidogo, kama siku zote, gitaa likaingia. Mstari wa pili alijikaza. Wa tatu akaanza kukimbia. Akatazama chini. Mguu umekufa. Akarudi nyuma, akaruka mbele, akakosa. Mimi polepole, polepole zaidi, namvuta. Mtu wa meza ya mbele akacheka. Naomie alikuwa amesimama karibu na spika, akaziba mdomo. Fidèle jasho linamtoka. Aliniomba kwa macho. Niliyaona macho hayo vizuri sana, nikageuza uso. Akatoa mkono kwenye nyuzi.

Mstari wa mwisho niliuimba bila gitaa. Boss Mwape ameshasimama, ameinua glasi, anangoja jina lake. Ngalula, nikasema. Ngalula, tena. Glasi ikabaki juu. Mkewe akapiga makofi peke yake.

Nilifurahi.

Jumatano, 19 Novemba
Hoteli imemwambia Fidèle apumzike. Wapiga gitaa wa Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, wanamwigiza vilabuni, anavyoruka mbele na kurudi. Imenifikia, nikacheka.

Mimi pia nimeambiwa nipumzike. Mwenye hoteli ni rafiki wa boss. Haina mbaya. Sijuti.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimempita Fidèle sokoni. Alikuwa anachagua samaki wakavu wa Pweto. Hakunisalimia. Nilikuwa nimeandaa la kumjibu.

Jumapili, 23 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Sikwenda misa. Nilikuwa naosha sahani, wimbo ukaja wenyewe, chini chini. Mguu mtupu sakafuni ukaanza kugonga. Sikuuzuia.

Nikamaliza mstari wa kwanza. Nikanyamaza ili gitaa liingie.

Nilisimama hivyo, sahani mkononi, maji yakidondoka kwenye vidole vya mguu. Kisha nikaimba wa pili.